Jinsi ya kupata mlio wa NES kwenye kompyuta yako

Kabla hujashusha plagini yoyote (programu ndogo ya kuongeza milio), elewa kwanza mashine yenyewe. NES, mashine ya gemu ya Nintendo ambayo Japani ilitoka 1983 kwa jina la Famicom, ilikuwa na chaneli tano tu: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu, moja ya noizi (mlio wa "shhh") na moja ya sampuli fupi fupi, yaani vipande vya sauti iliyorekodiwa. Basi. Kwa hiyo fungua traki tano na usiongeze ya sita hata ukitamani vipi, maana ule utamu wote unatokana na huo ubanaji.

Sinthesaiza (programu ya kutengeneza milio) yoyote yenye wimbi la mraba inatosha. Weka upana wa pulsi, yaani sehemu ya kila wimbi inayokaa juu, 12.5%, 25% au 50%. Mi naipenda 25% kwa melodi, iko nene kidogo na haichomi masikio. Besi mpe pembetatu, na usiguse volyumu yake katikati ya wimbo, kwenye chipu ya sauti ya NES pembetatu ilikuwa inawaka au inazima tu.

Sasa kodi (chord), yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Chaneli moja inapiga noti moja, so watunzi wa muziki wa gemu zile walizungusha noti tatu haraka sana, mfano C, E, G, C, E, G, mpaka sikio linadhani ni kodi nzima. Weka apejio, ndio huko kuzungusha noti, ibadilishe noti kila sekunde 1/60 uskie inavyotetemeka, raha tupu!

Snea, ile ngoma ya mlio mkali, ni noizi inayokatika haraka. Riverbu, ile efekti ya mwangwi, izime kabisa, mwangwi utengeneze kwa kurudia melodi chinichini kwenye mraba wa pili, ichelewe kidogo.