Unataka kununua bunduki ya leva Marekani? Kagua hivi kabla hujalipa

Wale mlioko Marekani mnaoanza kuwinda mmeshaziona madukani, bunduki za leva, zile za kuvuta mkono wa chuma chini ya triga ndo risasi nyingine ipande, zimerudi kwa kishindo. Kuna Henry, Marlin, Winchester, na 2024 hata Smith & Wesson nao wakaingia na 1854 yao. Matoleo mengi mapya ni meusi tii, yana reli za kufungia tochi, kitako cha plastiki, mtutu umechongwa nyuzi za kufungia sailensa, na muuzaji ataanza kukusifia hapo hapo. Mwache amalize. Halafu omba ruhusa, hakikisha haina risasi ndani, anza kuikagua.

Mi cha kwanza naangalia risasi zinaingiaje na, zaidi ya hapo, zinatokaje. Bunduki nyingi za leva zinaweka risasi kwenye bomba chini ya mtutu. Marlin unazisukumia kwenye kile kimlango cha ubavuni, raha sana kuongezea moja moja, ila siku ya kuwinda ikiisha ukataka kuzitoa inabidi uvute leva mara kwa mara, kila risasi ipite chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kupigwa, ndo itoke, na hapo umechoka, mikono ina baridi, nyundo, ile ya kugonga risasi iwake, imekaa nyuma tayari kupiga. Sipendi hata kidogo. Henry za zamani zilikuwa na bomba la kuchomoa mbele tu, kutoa rahisi lakini kuongeza risasi moja haraka ni shughuli. Zile Henry za Side Gate zina vyote viwili, na 1854 pia, kwa hiyo unachomoa bomba la ndani, unainamisha, risasi zinamwagika mkononi (chemba bado uiangalie kivyake). Kwangu hilo linashinda reli zote za dunia.

Kile kimlango nacho kina springi ngumu, kinang'ata kidole gumba. Usisukume risasi mpaka izame yote, acha kitako chake kitokeze kidogo kimlango kisijifunge, halafu inayofuata ndo iisukume ya kwanza. Ya mwisho tu ndo unaizamisha kabisa.

Sasa hili la bomba lina jambo ambalo si la kupuuza: risasi zimepangana, ncha ya hii inagusa kitako cha ile ya mbele, palepale panapogongwa ili iwake. Ncha kali ya chuma hapo ni hatari, bunduki ikipiga kwa kishindo zinaweza kulipukiana ndani ya bomba. Nunua zenye ncha bapa au butu, au zile LEVERevolution za kampuni ya Hornady ambazo ncha yake ni laini kama mpira. Kama we unataka risasi kali za kufika mbali, mfano .308, basi tafuta Browning BLR au Henry Long Ranger, hizo zinatumia magazini ya kuchomoa, sio bomba. Ila kwa kulungu wa msituni, yadi 150 hivi, risasi aina ya .30-30 ya tangu 1895 inatosha kabisa, usidanganywe.

Darubini je? Winchester 94 za zamani zinarusha ganda juu, yaani pale pale darubini inapokaa, ndo maana 1982 wakabadilisha likawa linatokea pembeni kidogo. Marlin 336 toka 1948 inatupa ubavuni, juu ni chuma kizima, unafunga bila shida. Ukishafunga, weka na kile kipande cha pembeni cha kurefushia nyundo, la sivyo kidole hakipiti.

Vuta leva taratibu kisha kwa nguvu, mbele mpaka igome, nyuma mpaka igome. Ukizoea kuivuta nusu nusu itakwama na utalaumu kiwanda bure. Kwenye Marlin za mitumba uliza ni ya miaka gani, zile za mwanzo wa enzi Remington ikimiliki Marlin zina jina baya kwa wapenzi wa leva, wakati hizi za Ruger, walioinunua Marlin 2020, zinasifiwa sana. Kile kitufe cha usalama cha pembeni wazee wanakichukia, wanasema kinaharibu sura, mi naona kikae tu, hasa unaposhusha nyundo kukiwa na risasi chembani.

Na makaratasi: dukani utajaza fomu 4473, ile ya serikali ya shirikisho ya kununulia bunduki. Kwa sheria ya shirikisho mwenye grin kadi ananunua, lakini mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi mpaka awe na kitu kama leseni halali ya kuwinda, na majimbo mengine yana masharti yao juu ya hayo, kwa hiyo ulizia jimboni kwako kabla hujatoa hata senti ya advansi.