Unautaka muhuri wa kamishna wa viapo? Njia yake kwa aliye Mwanza

Pita katikati ya jiji, kuanzia Makoroboi hadi barabara ya Kenyatta, uhesabu vibao vya "Wakili, Mthibitishaji wa Umma na Kamishna wa Viapo". Mthibitishaji hushuhudia saini na nakala za hati, kamishna huapisha wanaotoa maelezo ya maandishi chini ya kiapo. Wengi hudhani hizo ni kazi tatu zenye mitihani mitatu. Kwa Tanzania Bara mlango ni mmoja tu, uwakili. Sheria inayohusika, Sura ya 12 ya Sheria za Tanzania, inamruhusu mtu mwenye haki ya kufanya kazi ya uwakili kuomba cheti kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Ukisoma mtandaoni kwamba katika baadhi ya majimbo ya Marekani hata karani wa benki anaweza kuwa notari, yaani mthibitishaji, kwa kujaza fomu na kulipa ada, hayo ni ya huko. Hapa hakuna kozi fupi ya uthibitishaji, na anayekuahidi muhuri bila uwakili anakufundisha ukishoka, yaani uwakili bandia. (Zanzibar wana utaratibu wao, hatuugusi hapa.)

Unaanza na shahada ya sheria, miaka 3 au 4 kutegemea chuo. Wa huku ziwani wengi husomea SAUT pale Malimbe. Kisha unakwenda Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo kila mtu huiita Law School. Hapo ndipo safari nyingi hukatika. Matokeo yaliyotangazwa Oktoba 2022 yaliwashtua watu: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote kwa mara ya kwanza walikuwa 26. Aliyezoea kukariri vifungu hupata taabu, kwa sababu pale unapimwa uwezo wa kuandaa hati ya madai, kiapo au mkataba unaosimama mahakamani. Ukiwa bado chuoni, tumia likizo kukaa kwenye ofisi ya wakili au masijala ya mahakama, usome majalada halisi. Itakusaidia kuliko kununua notsi.

Ukishafaulu, unaomba kuandikishwa kuwa wakili. Maombi huenda kwa Jaji Mkuu, yakiambatana na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya sekondari, cha shahada na cha Law School, pamoja na hati za watu wanaothibitisha tabia yako njema. Baraza la Elimu ya Sheria hukuita kwenye usaili. Ukipita, unaapishwa na jina lako linaingia kwenye orodha ya mawakili.

Kabla ya yote hayo, kagua majina yako. Cheti cha kuzaliwa kinasema Masanja Lugata, cha kidato cha nne kinasema John Masanja, cha chuo kinasema John M. Lugata. Kwa wenye jina la nyumbani na la ubatizo, hili ni la kawaida sana. Lisahihishe mapema kwa hati ya kubadili jina au kiapo cha tofauti ya majina, si wiki ya mwisho ya maombi. Na ndiyo, utamhitaji kamishna wa viapo ili uweze kuwa kamishna wa viapo.

Baada ya kuapishwa unajiunga na Chama cha Mawakili wa Tanganyika (TLS), unachukua leseni ya uwakili, na ndipo unaomba cheti cha uthibitishaji na viapo. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo hakuna sababu ya kumpa mtu fedha mkononi. Muhuri unachongwa mwisho kabisa, ukiwa na jina lako kamili, cheo, sanduku la posta na mji. Usiuchonge kabla ya cheti, hata kama fundi amekupa bei nzuri.

Sasa kazi yenyewe, maana hapa ndipo mihuri inawatia watu matatani.

Sehemu ya chini ya hati ya kiapo, ambayo mawakili huiita jurati, ni mistari minne au mitano, lakini ndiyo inayoangusha mashauri. Kifungu cha 8 cha Sura ya 12 kinakutaka uonyeshe mahali na tarehe kiapo kilipofanyika, na tangu marekebisho ya 2016, jina lako pia. Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye shauri la Shapriya na Bish International la 2002 kwamba kutaja mahali ni lazima. Wapo wanaotegemea muhuri uzibe pengo kwa kuwa una neno Mwanza. Usijaribu. Andika: "Kimeapwa hapa Mwanza na Masanja Lugata, aliyetambulishwa kwangu na Neema Lugata ninayemfahamu mwenyewe, mbele yangu leo tarehe 14 Machi 2025." Kama muapaji unamfahamu wewe mwenyewe, sema hivyo. Usiache maneno yote mawili, "ninayemfahamu" na "aliyetambulishwa", bila kufuta lisilohusika. Kosa hili hutokana na fomu za kunakili, nasi tunaliona kila mara.

Mkristo anaapa, Mwislamu na wengine wanathibitisha, yaani wanatamka kuwa wanasema kweli bila kutumia neno "naapa". Maneno ya juu na ya chini ya hati yalingane: usianze na "naapa" ukamalizia na "imethibitishwa". Kama mteja ni bibi wa Magu asiyejua kusoma, msomee, mtafsirie kwa Kisukuma, kisha uandike kwamba alisomewa, akaonekana kuelewa na kuweka dole gumba mbele yako.

Neno "mbele yangu" halina tafsiri nyingine. Jaribu kubwa kwa mawakili wa Mwanza linatoka visiwani. Mtu yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, mkataba wa kuuza mtumbwi na injini uko mezani kwako, ndugu yake anakwambia ameshasaini na meli inaondoka baada ya saa moja. Jibu ni kwamba mwenye saini aje, au asaini mbele ya kamishna au hakimu aliye karibu naye. Saini ikikanwa baadaye, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Vilevile huruhusiwi kuapisha katika shauri ambalo wewe ni wakili wa upande wowote, au lenye maslahi yako. Hata kiapo cha dakika tano cha mteja wako mwenyewe, mpeleke ofisi nyingine. Tungependekeza isiwe ya mwenzako mnayefanya naye kazi, ingawa wapo wanaobishana juu ya hilo.

Kuthibitisha nakala, au kusetifai kama wasemavyo wanafunzi, ni kazi rahisi ukiifanya polepole. Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu foleni huwa ndefu na mkono huchoka. Shika cheti halisi mkononi, linganisha jina, namba ya mtihani na mwaka, ndipo ugonge pembeni, pasipofunika maandishi. Nakala ya nakala irudishe, hata kama mwenye nayo analia. Hati ya kurasa nyingi, weka saini fupi kila ukurasa.

Weka daftari la tarehe, jina, namba ya kitambulisho, aina ya hati na saini ya mteja.

Na leseni ya uwakili hukoma 31 Desemba kila mwaka. Mwananchi yeyote anaweza kukagua hali yako kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, na wakili wa upande wa pili hukagua bila kukuambia. Ukijikuta hujahuisha, funga muhuri kabatini mpaka leseni itoke.