Kosa la fomu lisikike, lisionekane tu
Mnaotengeneza fomu za maombi hapa Dodoma: wekeni kisanduku kitupu cha ujumbe chenye aria-live="polite" (alama ya HTML inayotaka maneno mapya yasomwe kwa sauti bila kukatiza) tangu ukurasa unapofunguka. Mwombaji akibonyeza Tuma, skripti iandike humo, "Namba ya simu imepungua tarakimu moja." Kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona kwa sauti, hufuatilia kisanduku ambacho tayari kinakijua, hivyo mwombaji anasikia kosa bila kuhamishwa alipo. WCAG 2.1 ya mwaka 2018, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazotumika na watu wenye ulemavu, kigezo 4.1.3, inataka hivyo. Ukiunda kisanduku na maneno yake kwa mpigo mmoja, mara nyingi kinakaa kimya. Ukikificha kwa display:none ya CSS, hakisomwi kabisa. Kosa lilelile likijirudia, futa maneno kwanza, subiri kidogo, ndipo uandike upya. Jaribu kwa NVDA, kisoma skrini cha Windows, ni ya bure, na zima skrini unapojaribu.