Namna ya Kuweka Uzio wa Usalama Bila Kuharibu Mandhari ya Kale ya Bustani ya Burudani

Mtu anayesimama juu ya bonde la bustani za Alton Towers, katika kaunti ya Staffordshire nchini Uingereza, huona kitu kilichopangwa kwa makusudi zamani sana. Miti inashuka kwa matabaka, njia zinapinda na kupotea nyuma ya mawe, na huko chini, katikati ya maji, imesimama chemchemi yenye umbo la pagoda ya Kichina iliyochorwa na msanifu Robert Abraham. Charles Talbot, aliyekuwa Earl (cheo cha kikabaila) wa 15 wa Shrewsbury, alianza kulitengeneza bonde hilo mwaka 1814, na alipofariki mwaka 1827 mrithi wake alimsimamishia mnara wa kumbukumbu wenye maandishi yanayosema kwamba alilifanya jangwa litabasamu. Leo bustani hizo ziko katikati ya mojawapo ya viwanja vikubwa vya burudani nchini humo, vyenye rolakosta, yaani treni za michezo zinazopanda na kuporomoka kwenye reli, na mamilioni ya nyayo hupita karibu na kingo ambazo Earl alizikusudia kwa wageni wake wachache.

Mahali kama hapo uzio hauepukiki kabisa, lakini mandhari nayo haivumilii kila uzio. Naamini kwamba uzio mwingi unaoharibu bustani za kale hauwekwi kwa sababu hatari ni kubwa. Huwekwa kwa sababu ndilo jibu linalopatikana upesi, linaloonekana kwenye picha, na linalomtuliza mkaguzi. Mwongozo huu ni wa msimamizi, fundi au mjumbe wa kamati anayetaka watu wawe salama kweli na bonde libaki bonde. Mfano utakaofuatwa ni wa Uingereza, kwa sababu huko ndiko michezo ya mashine na bustani za kale zilikoishi pamoja kwa muda mrefu na ndiko sheria zake zilikoandikwa kwa undani.

Anza na anguko, usianze na uzio

Kabla ya kuagiza hata nguzo moja, andika kwa kila mahali sentensi moja inayotaja nani ataumia, akiwa anafanya nini, ataangukia wapi, na ataumia kiasi gani. "Mtoto anayekimbia kutoka kwenye ngazi hataona ukingo uliofichwa na majani, na ataanguka mita tatu juu ya mawe" ni sentensi kamili, na inadai hatua. "Watu wanaweza kuumia" si sentensi ya kazi hii, na uzio unaojengwa juu yake huwa hauna mwisho, kwa kuwa hakuna mahali ambapo watu hawawezi kuumia.

Ukishamaliza orodha, tenga hatari za mashine na hatari za ardhi. Penye mashine hakuna mjadala wa mandhari: eneo ambamo treni, minyororo na miguu ya abiria inayoning'inia hupita lazima lifungwe kiasi kwamba mtu hawezi kuingia hata akikusudia. Hata hapo mpangilio unaweza kusaidia. Alton Towers hairuhusiwi kujenga michezo inayochomoza juu ya vilele vya miti, na ndiyo sababu rolakosta yake iitwayo Nemesis, iliyofunguliwa mwaka 1994, ilichimbiwa ndani ya mwamba. Mchezo uliozama ardhini hufichika, na kuta za shimo lake hufanya sehemu ya kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na uzio mrefu ulioonekana kutoka mbali.

Hatari za ardhi ni jambo jingine, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Maji ya ziwa, mteremko wa nyasi na ngazi za mawe ni hatari ambazo mtu mzima huziona kwa macho yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1957 kuhusu wajibu wa mwenye mahali inadai uangalifu wa kadiri kwa wageni. Haidai kuondoa kila hatari. Mwaka 2003 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati huo, iliamua kesi dhidi ya Congleton Borough Council ya Cheshire, iliyotokana na kijana aliyejirusha kwenye maji mafupi ya ziwa na kuvunjika shingo. Halmashauri hiyo ilikuwa na mpango wa kufunika fukwe zake kwa udongo na mimea ili watu wasifike majini. Mahakama iliamua kwamba haikuwa na wajibu huo, kwa sababu hatari ilikuwa wazi, na kwa sababu haikuwa haki kuwanyima maelfu ya watu starehe isiyo na madhara ili kumlinda anayechagua kujihatarisha. Hukumu hiyo haiondoi wajibu wa kumlinda mtoto mdogo, wala haihusu shimo lililofichika. Lakini inampa msimamizi ujasiri wa kumwuliza wakala wa bima swali la heshima: ni hatari ipi hasa, na ni kifungu kipi kinachodai uzio hapa? Omba jibu kwa maandishi.

Swali hilo hilo liulizwe kuhusu vipimo. Mwongozo wa kanuni za ujenzi za England hutaka kizuizi cha milimita 1,100 kwenye kingo nyingi za nje za majengo, chenye nafasi ambazo mpira wa milimita 100 hauwezi kupenya penye watoto wadogo. Ni vipimo vizuri kwa roshani na kwa jukwaa la kutazamia. Havikuandikwa kwa ajili ya genge la bustani, yaani ukingo wa mteremko mkali, au ukingo wa kijito, na mtu anayevihamishia huko bila kufikiri huishia na mita mia mbili za nondo mahali palipohitaji mita kumi.

Tembea kabla ya kuchora

Ramani haionyeshi uzio utakavyoonekana. Chukua vijiti vya mwanzi na kamba nyeupe, visimamishe pale uzio unapopendekezwa kwa kimo chake halisi, kisha rudi kwenye kila mahali ambapo mbunifu wa kale alikusudia mgeni asimame: kichwani mwa ngazi, kwenye kibanda, katika pindo la njia ambapo bonde hufunguka ghafla. Piga picha ukiwa umesimama, halafu piga magoti na upige nyingine kwa kimo cha mtoto. Fanya hivyo tena wakati wa baridi majani yakiwa yamepukutika, maana uzio uliofichika mwezi Julai huwa uchi mwezi Januari.

Kuna jambo ambalo mchoro hauwezi kulisema. Uzio wa nondo za wima, ukiutazama uso kwa uso, huonekana kama pazia jembamba, na mandhari hupita katikati yake. Ukisogea hatua kumi pembeni na kuutazama kwa mshazari, nondo hujipanga moja nyuma ya nyingine na kufunga kabisa; unabaki unatazama ukuta wa chuma. Kwa kuwa wageni wengi hutembea sambamba na uzio, ukuta huo ndio wanaouona muda mwingi. Kamba haitakuonyesha hilo, kwa hiyo omba kipande cha majaribio cha mita tatu au nne kabla ya kutia saini.

Dawa za kale zitangulie

Wabunifu wa bustani za Uingereza walikutana na tatizo hili karne tatu zilizopita, walipotaka kuzuia ng'ombe na kondoo wasifike nyumbani bila kukata mandhari. Jibu lao lilikuwa ha-ha: mtaro wenye ukuta wa mawe upande wa nyumba na mteremko wa nyasi upande wa malisho, hivi kwamba mtu aliyesimama nyumbani huona nyasi moja isiyokatika. Mbunifu wa bustani Charles Bridgeman aliutumia katika bustani ya Stowe, kaunti ya Buckinghamshire, katika miongo ya kwanza ya karne ya 18. Mtaro huu bado unafaa kutenga njia ya wageni na eneo la mchezo au la kazi, ila ukumbuke kwamba wenyewe ni anguko, na tena limefichika kwa anayekuja kutoka upande wa ukuta. Acha ukanda wa nyasi ndefu wenye upana wa mita mbili hivi kabla ya ukingo. Mguu huhisi tofauti kabla ya jicho, na watu hugeuka.

Njia yenyewe ni kizuizi chenye nguvu kuliko inavyodhaniwa. Watu hufuata kokoto na hukwepa nyasi zenye umande. Mara nyingi kuisogeza njia mita mbili kutoka kwenye genge, na kuweka benchi mahali mandhari ilipo nzuri zaidi ili mtu asiwe na sababu ya kuitafuta ukingoni, huondoa haja ya uzio kabisa. Kwa bustani iliyosajiliwa, chunguza kwanza ramani za zamani. Yawezekana kwamba njia ya sasa ndiyo iliyohama, na ya mwanzo ilikuwa mbali na ukingo.

Mimea hufuata. Kichaka cha mholi (kwa Kiingereza holly), chenye majani ya miiba yasiyopukutika, humzuia mtoto kuliko ubao wowote wa onyo. Kosa linalorudiwa ni kupanda miche na kuondoka, kana kwamba imekwisha kuwa ua. Mpaka ikomae, wavu wa waya mweusi juu ya vigingi vya mbao upite katikati ya mstari wa miche, ili mimea iumeze kidogo kidogo. Kando ya maji, mapendekezo yangu ni kufanya ukingo uwe wa mteremko mpole chini ya maji, na kuotesha mafunjo na mimea ya kinamasi pale ambapo watoto hukimbilia bata. Mtoto atakayeingia atalowa magoti, naye atarudi mwenyewe.

Uzio ukibaki kuwa lazima

Usiuweke ukingoni. Ushushe chini ya mteremko kadiri mahali panavyoruhusu, ili kilele chake kikae chini ya mstari wa macho, na nyuma yake kuwe na miti au mwamba, kamwe si anga. Uache ufuate mikunjo ya ardhi. Uzio ulionyooka kama rula katika bonde lililobuniwa kwa mikunjo huonekana hata ukiwa mwembamba.

Kwa sehemu za bustani zisizo na anguko kubwa, uzio wa jadi wa mashamba ya kifahari, yaani fito bapa za chuma zilizolala, ndio unaopotea vizuri zaidi katika nyasi. Ila fito zilizolala ni ngazi kwa mtoto, na penye anguko la kweli lazima utumie nondo za wima licha ya kasoro niliyoitaja. Rangi iwe nyeusi au kahawia iliyokolea, isiyong'aa. Kijani cha dukani ndicho kibaya kuliko zote, kwa sababu hakifanani na jani lolote na kinajitangaza mwaka mzima. Chuma cha zinki kilichoachwa bila rangi humeta kila jua linapotoka.

Penye mawe ya kale mkono uwe mwepesi. Usitoboe jiwe, tumia viungo vya chokaa kati ya mawe, vinavyoweza kujazwa tena baadaye, na vifungio vya chuma kisichopata kutu, kwa kuwa chuma cha kawaida kikipata kutu hufura na kulipasua jiwe. Karibu na mizizi ya miti mikubwa, mashimo yachimbwe kwa mkono, na nguzo ihamishwe ikikutana na mzizi mnene.

Bustani za Alton Towers zimo katika daraja la I, lililo la juu kabisa, la sajili ya Historic England, taasisi ya umma inayoshughulikia urithi wa kale, na jumba lenyewe, lililobaki gofu baada ya kung'olewa vitu vyake katika miaka ya 1950, ni daraja la II*, linalofuata chini yake. Kufunga kitu kwenye jengo la namna hiyo huhitaji kibali iwapo kinaathiri sura yake, na uzio unaojengwa ndani ya eneo lake haupati ruhusa ya moja kwa moja inayopewa nyua za kawaida. Zungumza na ofisa wa hifadhi wa halmashauri ukiwa na picha za kamba mkononi. Mazungumzo hayo huwa mafupi zaidi kuliko yale yanayofanyika baada ya nguzo kusimama.

Uzio wa muda

Nimeuacha mwisho kwa sababu ndio unaoharibu zaidi. Katika bustani moja ya kale niliyoitembelea, gofu dogo lilizungukwa na paneli za waya zilizosimama juu ya vitako vizito, za aina inayowekwa kwenye kazi za ujenzi. Tuliambiwa ni za muda. Niliinama kutazama kitako kimoja: mbigili ulikuwa umepita katika matundu ya waya, umezunguka mara mbili na kugeuka kuwa mti, na chini yake nyasi zilikuwa zimekufa kwa umbo kamili la mstatili. Hakuna aliyeamua kwamba paneli zile zibaki miaka hiyo yote. Ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kuziondoa.

Kwa hiyo, siku paneli ya kwanza inapowekwa, andika katika daftari la mahali hapo tarehe ya kuondolewa, cheo cha mtu anayewajibika, kazi inayosubiriwa na fedha zitakakotoka. Bandika tarehe hiyo kwenye paneli yenyewe, upande wanaopita wageni, kwa maandishi wanayoweza kuyasoma. Tarehe ikipita, uzio usiongezewe muda ila kwa kuandika upya ile sentensi ya mwanzo: nani ataumia, akifanya nini, wapi, kiasi gani. Sentensi isipoandikika, ita fundi wawili na gari, waondoe paneli, wajaze mashimo udongo, na wapande nyasi kabla ya msimu kufunguliwa.