Alovera yako imelegea majani? Acha kwanza kumwagilia

Watu wengi wakiona jani la alovera limelegea wazo la kwanza ni kiu, anachukua jagi anamwaga, kesho limelegea zaidi anamwaga tena, wiki haiishi mmea unang'oka wenyewe ukiugusa, chini kumeoza kote. Jamani. Alovera inaweka maji yake ndani ya majani, sasa kulegea kunakuja kwa njia tofauti na dawa zake zinapingana, ya huyu ukimpa yule umeua.

Kwa hiyo kabla ya chochote shika jani la chini ubonyeze taratibu. Likiwa limekonda, lina mikunjo, limejikunja kwa ndani, na ukinyanyua chungu unakiona chepesi, udongo mkavu hadi chini, hiyo ni kiu ya kweli na hiyo haina shida, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu, siku kadhaa tu majani yanajaa. Ila likiwa teketeke, limegeuka njano au linapitisha mwanga kama limelowekwa, linaanza kuharibika pale linaposhikana na shina, na udongo una harufu, hayo ni maji yamezidi. Na kinachochanganya watu ni hiki, mzizi ukishaoza haunywi tena, yaani mmea umekaa kwenye tope lakini juu unanyauka kwa kukosa maji, mtu anaona kiu, anaongeza.

Kuna na ile ya giza, majani yanakuwa marefu membamba yamelala pembeni, hiyo isogeze dirishani. Jani moja moja la chini kabisa likinyauka likakauka wakati mengine magumu, huo ni uzee, litoe maisha yaendelee.

Hapa Mwanza kwa ninavyoona nyingi zinakufa kwa maji. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hewa inakuwa nzito, udongo haukauki haraka, afu chungu kimewekwa barazani pale pale michirizi ya bati inapodondokea. Na udongo wenyewe sasa, mtu kachota ule mweusi wa mbuga kwa sababu mpunga unastawi! Mpunga unapenda kusimama kwenye maji, alovera haitaki hata kusikia. Bora luseni, ule udongo wa kichanga, mara kumi.

Kama umeshagundua ni kuoza usisubiri ijirekebishe. Itoe kwenye chungu, pukuta udongo wote, angalia mizizi. Mizima ni migumu, myeupe au ya njano hafifu, iliyooza ni ya kahawia au nyeusi, ina utelezi na ukiivuta inachunika. Chukua wembe au kisu kikali ukifute kwa spiriti, kata vyote vilivyooza pamoja na majani yaliyolainika, na ukikata shina endelea kupanda juu mpaka uone pasafi pasipo na doa, ukiacha kidoa kidogo kwa huruma kuoza kunaendelea. Hapo usiipande. Iweke kivulini penye upepo, juu ya gazeti tu, siku 2 hadi 4 vidonda vikauke vifunge. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu wanaona mmea utakufa bila udongo, wala haufi, una maji yake.

Udongo changanya hivi: sehemu 1 udongo wa kawaida wa bustani, sehemu 1 mchanga wa ujenzi ule mnene, sehemu 1 changarawe ndogo. Changarawe Mwanza sio kitu cha kutafuta, wanaponda mawe kila kona, omba zile punje ndogo zinazobaki kwenye kokoto, ila zichekeche vumbi litoke, lile vumbi likilowa linagandana na umerudi kulekule. Mchanga wa ziwani hauna chumvi kama wa bahari, shida yake ule laini unashikana na kubana hewa, chagua wenye punje.

Chungu lazima kiwe na matundu chini, hili halina mjadala, hata kiwe kizuri namna gani cha kauri. Kopo la rangi linafaa ukilitoboa na msumari. Cha udongo wa kufinyanga ndo bora kwa sababu kinapumua ubavuni. Kisiwe kikubwa sana kwa mizizi iliyobaki, udongo mwingi usio na mizizi unakaa na maji muda mrefu. Na ile ya kupanga mawe chini ya chungu ili maji yatoke, haisaidii, maji yanaganda juu ya yale mawe na unayasogeza karibu na mizizi, changarawe ichanganye kote.

Ukishapanda kaa kama wiki bila kumwagilia. Baada ya hapo usifuate kalenda, chomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini, kikitoka na unyevu au udongo umenata acha, kikitoka kikavu mwagilia yote kwa mara moja, maji yatoke chini, umwage yaliyobaki kwenye kisahani. Kiangazi cha Juni hadi Agosti inaweza kuwa kila wiki 2 hivi, mvua zikiwepo hata wiki 3 au 4 zinapita na iko fresh. Mwaga kwenye udongo, sio katikati ya majani, maji yakilala pale yanaozesha moyo.

Mwanga ipe mwingi lakini iliyokuwa ndani usiitoe ghafla kwenye jua la saa saba, itaungua iwe nyekundu, anza na jua la asubuhi uongeze taratibu. Maji ya kuoshea dagaa na sato tafadhali pelekeni kwenye migomba, humu yanaleta inzi na kuoza tu. Yuria nayo hapana, inajaza majani laini yasiyo na nguvu. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani, pamba yenye spiriti, futa, rudia baada ya wiki.

Shina likiwa limeoza lote, usihangaike kuchomeka jani, la alovera karibu kila mara linaoza. Tafuta vitoto vinavyochipua pembeni, chenye mizizi yake kidogo kitenge, kikaushe, kipande peke yake.

Na yale majani teketeke uliyokata usipake kichwani wala kusaga juisi, tupa. Hata jani zima lile, utomvu wa njano chini ya ganda ni wa kuharisha, liache lisimame wima uchuruzike wote ndo uchukue jeli.