Jinsi ya kutafsiri "uncle" ambaye si mjomba

Juzi nilikaa na kijana anayeanza kazi ya manukuu ya filamu, yale maandishi ya tafsiri chini ya skrini. Watoto wawili wa Kimarekani wanapigana mieleka kwenye nyasi, aliye juu amemkunja mwenzake mkono mgongoni na kufoka: "Say uncle!" Kijana alikuwa ameandika "Sema mjomba!" Sentensi hiyohiyo iliwahi kunila usiku mzima, kwa hiyo naiweka hapa njia ninayoifuata.

Hatua ya 1: Tazama tukio lote kabla ya kugusa maneno.

Hatua ya 2: Uliza kama kuna undugu. Kama upo, tafuta ni upande gani. Kaka wa mama ni mjomba. Ndugu wa baba ni baba mkubwa, baba mdogo, au ami kwa watu wa pwani. Kiingereza hakitakwambia, rudi nyuma kwenye filamu. India na Singapore vijana humwita muuza duka yeyote wa makamo "uncle". Huyo mwandike "mzee" au "anko".

Hatua ya 3: Hakuna undugu? Fungua kamusi ya misimu. Mimi natumia ya Jonathon Green, ipo bure mtandaoni. Tafadhali usianze na mashine ya kutafsiri: inakupa maana ya kwanza, na macho yako yanaizoea.

Hatua ya 4: "Say uncle", au "cry uncle". Ni msemo wa Marekani, maana yake kubali umeshindwa. Nilianza na "Salimu amri!" Maana ni sahihi, lakini hiyo ni kauli ya askari, mtoto wa miaka minane haisemi. Nikajaribu "Kubali umeshindwa!" ikawa ndefu kwa tukio la sekunde moja. Ndipo nikakumbuka uwanja wa shule yetu: aliyekaliwa kifuani haachiwi mpaka aseme "nimekoma". Basi: "Sema nimekoma!" Na jibu: "Nimekoma! Nimekoma!"

Ila angalia. "Nimekoma" ina harufu ya adhabu. Wakiwa ni wafanyabiashara wanaovutana bei, haifai kabisa. Andika "amenyoosha mikono". Wakiwa wanategeana mafumbo, Kiswahili kina chake tangu zamani: "Nimeshindwa, chukua mji."

Na usifunge mstari kabla ya kuona tukio linalofuata. Mimi nilifunga. Dakika moja mbele, mtoto aliyebanwa analia "Uncle!" na mjomba wake halisi anatokea mlangoni akidhani ameitwa. Mstari wangu ulikuwa umeua kichekesho chote. Nilihangaika mpaka alfajiri, nikaandika "Nimekoma, mjomba!" Mtaani kwetu hata mpinzani wako unaweza kumwita mjomba unapomsihi, kwa hiyo aliyeshinda anasikia ombi na mjomba wa mlangoni anasikia ameitwa.

Hatua ya 5: Mengine ni mepesi. "Bob's your uncle" ya Waingereza hufunga maelekezo: "na kazi imekwisha". "Uncle Sam" akitajwa kwenye kodi, andika "serikali". Akionekana mwenyewe, yule mzee wa kofia ndefu kwenye bango la mwaka 1917 la kuandikisha askari, muache na jina lake. "Dutch uncle" ni anayekwambia ukweli bila kupepesa macho. Kwenye filamu za London ya zamani, saa iliyo kwa "uncle" imewekwa rehani.

Hatua ya 6: "Uncle Tom" usimlainishe. Jina linatokana na riwaya ya Harriet Beecher Stowe ya mwaka 1852, na leo ni tusi kwa mtu mweusi anayejipendekeza kwa Wazungu. Naandika "kibaraka wa Wazungu". Kuna jingine linalopita kimyakimya: kusini mwa Marekani Wazungu walimwita mzee mweusi "uncle" ili wasimpe heshima ya "Mister". Ndiyo sababu mwaka 2020 wenye mchele wa Uncle Ben's walitangaza kulibadili jina liwe Ben's Original. Kwenye filamu za enzi hizo siandiki "mzee wangu" wala "mzee" peke yake. Naandika "we mzee", kwa "we" iliyokatwa, ili dharau isipotee njiani.

Hatua ya 7: Msomee mtu kwa sauti. Kijana wangu alimsomea mdogo wake wa darasa la tatu "Sema nimekoma!" Mtoto akauliza: "Amemkunja mkono?"