Siku za Mahabusu: Wastani, Medani na Mtawanyiko

Data za muda katika haki jinai, ziwe siku za mahabusu au umri wa kesi, hazishuki chini ya sifuri ilhali upande wa juu hazina kikomo, na kwa sababu hiyo kesi chache zilizokawia huvuta wastani mbali na hali ya watu wengi.

Hatua ya kwanza ni kuamua nani aingie kwenye orodha, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Ukihesabu waliomo gerezani siku moja tu, utawakuta zaidi wanaokaa muda mrefu, kwa kuwa anayekaa siku tatu ni vigumu kumkuta. Ukihesabu walioachiwa pekee, waliokwama watakuponyoka. Mimi hupendelea kuwafuata wote walioingia katika kipindi kimoja, na asiyetoka bado namwandikia siku alizokwisha kukaa pamoja na alama ya kuonyesha kwamba bado yumo.

Hatua ya pili, panga namba kuanzia ndogo hadi kubwa. Tuchukue mfano wa kubuni wa mahabusu tisa waliokaa siku 3, 4, 4, 6, 9, 14, 21, 31 na 394. Jumla ni 486, hivyo wastani ni siku 54, ingawa wanane kati ya tisa walikaa pungufu ya hapo. Medani, yaani thamani iliyo katikati ya orodha, ni siku 9. Modi, yaani thamani inayojirudia zaidi, ni 4, lakini katika orodha fupi kama hii haina uzito.

Medani ina faida nyingine isiyotajwa sana: hata kama yule wa siku 394 bado yumo ndani, medani haibadiliki, ilhali wastani hauwezi kujulikana mpaka atoke.

Hatua ya tatu ni kupima mtawanyiko. Mkengeuko sanifu wa orodha hii, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotofautiana na wastani, kwa kugawanya kwa 8 (idadi kutoa moja) na si 9, ni takriban siku 128, zaidi ya mara mbili ya wastani wenyewe. Ukitoa 128 kwenye 54 unapata siku hasi, jambo lisilowezekana, na hiyo ni ishara kwamba kipimo hiki hakifai kueleza orodha iliyoinama upande mmoja. Badala yake, weka kando medani yenyewe, kisha tafuta medani ya nusu ya chini, ambayo ni 4, na ya nusu ya juu, ambayo ni 26; hizi mbili huitwa robo. Tofauti yake, siku 22, ndiyo upana wa sehemu ya kati. Programu za kompyuta hukokotoa robo kwa kanuni tofauti kidogo, basi taja uliyotumia.

Katika ripoti, andika medani pamoja na robo zote mbili, kisha umtaje wa siku 394 peke yake. Usimfute kwa kisingizio kwamba anaharibu hesabu, kwani huenda faili lake ndilo linalopaswa kufunguliwa kwanza.